Jinsi ya kuchagua simu yenye betri inayobadilishika, na namna ya kuibadilisha kwa usalama

Betri ni sehemu ya simu ambayo mtengenezaji anajua, tangu siku simu inapotoka kiwandani, kwamba itachakaa mapema kuliko bodi, kamera na spika zinazoizunguka. Hata hivyo, katika simu nyingi za leo ndiyo iliyofichwa ndani zaidi na kushikiliwa kwa gundi kali zaidi. Msimamo wangu katika jambo hili ni kwamba kila simu inapaswa kuuzwa ikiwa na betri ambayo mwenye simu anaweza kuitoa na kuweka nyingine kwa vifaa vya kawaida. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji anayetaka kuufuata msimamo huo kwa vitendo, kuanzia anapochagua simu hadi anapoachana na betri ya zamani, na pia kwa ajili ya yule ambaye tayari anamiliki simu iliyofungwa kwa gundi na hana nia ya kuitupa.

Fahamu kwanza kinachoisha

Betri za simu za leo karibu zote ni za ayoni za lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, na ambayo iliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Ndani yake ayoni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, husafiri kutoka elektrodi moja (upande mmoja wa ndani wa betri) hadi nyingine unapochaji, na kurudi unapotumia. Kila safari huacha lithiamu kidogo imenaswa katika utando unaojijenga juu ya elektrodi ya grafiti, na lithiamu hiyo hairudi tena kazini. Wakati huohuo ukinzani wa ndani huongezeka, kiasi kwamba simu inapohitaji umeme mwingi kwa ghafla, kwa mfano kamera inapofunguliwa au wakati wa baridi, volti huporomoka na simu huzimika hata kama kioo kilikuwa bado kinaonyesha asilimia 20 au 30.

Umri wa betri hupimwa kwa mizunguko ya kuchaji, na mzunguko mmoja ni matumizi yanayojumlisha asilimia 100: ukitumia nusu leo na nusu kesho, umemaliza mmoja. Apple inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake zimebuniwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Kwa mtu anayemaliza chaji nzima kila siku, mizunguko 500 hupita kabla ya mwaka mmoja na nusu, ilhali bodi ya simu hiyohiyo inaweza kufanya kazi kwa miaka mingi zaidi. Pengo hilo kati ya umri wa betri na umri wa simu ndilo chanzo cha hoja yote ya betri inayobadilishika.

Hakikisha kwamba tatizo ni betri

Kabla ya kununua chochote, thibitisha kwamba betri ndiyo yenye kasoro. Simu nyingi sasa zina ukurasa katika mipangilio unaoonyesha afya ya betri kwa asilimia, na baadhi huonyesha pia idadi ya mizunguko na tarehe ya kutengenezwa. Nyingine huhitaji programu ya uchunguzi ya mtengenezaji mwenyewe. Uwezo ukiwa umeshuka chini ya asilimia 80, na simu ikawa inazimika au inapunguza kasi, jibu umelipata. Uwezo ukiwa bado uko juu, angalia kwingine: programu inayofanya kazi kimyakimya, mtandao dhaifu unaoilazimisha simu kutafuta mawimbi bila kupumzika, waya mbovu, au tundu la chaji lililojaa vumbi la mfukoni, ambalo husafishwa kwa kijiti kikavu cha mbao simu ikiwa imezimwa. Watu wengi wamebadilisha betri nzima kwa sababu ya tundu chafu.

Kinyume chake pia hutokea, na kwa hasara kubwa zaidi. Mwezi Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu zenye betri zilizochakaa ili zisizimike ghafla. Baada ya malalamiko, ilishusha gharama ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29, ikaongeza ukurasa wa afya ya betri mwaka 2018, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi iliyohusu jambo hilo nchini Marekani. Simu ambayo mwenyewe aliiona imezeeka na kuwa nzito ilikuwa inahitaji betri mpya tu. Kwa hiyo simu yako ikianza kuwa nzito, kagua betri kabla hujaanza kuangalia bei za simu mpya.

Ishara moja haihitaji kipimo chochote. Mgongo wa simu ukianza kuinuka, kioo kikaachana na fremu, au simu ikayumba inapolazwa mezani, betri imevimba kwa gesi iliyozalika ndani. Acha kuichaji mara moja, izime, usiibonyeze irudi mahali pake na usiitoboe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua simu

Hapa ndipo mnunuzi ana nguvu zaidi, na hapa ndipo wengi wetu hatuulizi. Anza kwa kutazama jinsi simu inavyofunguka. Zipo ambazo mgongo wake hutoka kwa ukucha na betri ikanyanyuliwa kwa kidole. Zipo zinazofungwa kwa skrubu chache za kawaida, na betri ikashikiliwa kwa kiunganishi kimoja. Zipo ambazo mgongo umebandikwa lakini betri imewekewa vipande vya gundi vya kuvutwa, na zipo ambazo kila kitu kimegandishwa. Kundi la kwanza na la pili ndiyo ninayomshauri kila mtu ayatafute kwanza, na kundi la tatu linavumilika.

Baada ya hapo uliza mambo matatu. Je, mtengenezaji anauza betri ya akiba kwa mtu binafsi, na ataendelea kuiuza kwa miaka mingapi baada ya toleo hilo kuondoka sokoni? Je, ametoa mwongozo wa matengenezo unaosomeka bure? Na je, programu ya simu itaikubali betri mpya bila kuleta onyo la kudumu au kuficha takwimu za afya ya betri? Swali la mwisho husahaulika sana, ingawa simu inayofunguka kwa urahisi lakini ikaikataa betri halali kwa sababu haikusajiliwa na mtengenezaji ni simu iliyofungwa kwa njia nyingine.

Sheria za Umoja wa Ulaya zinatoa kipimo kizuri ambacho mnunuzi wa popote anaweza kukiazima. Kanuni ya betri ya mwaka 2023, ambayo kifungu chake cha betri zinazobebeka kinaanza kutumika tarehe 18 Februari 2027, inaeleza kwamba betri inahesabiwa kuwa rahisi kutolewa na mtumiaji pale inapotoka kwa vifaa vinavyopatikana madukani, bila kifaa maalumu isipokuwa kimetolewa bure pamoja na bidhaa, na bila joto wala kemikali ya kuyeyusha. Kanuni nyingine, inayohusu simu na tabiti, ilianza kutumika tarehe 20 Juni 2025. Inadai betri ibakize angalau asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na vipuri vipatikane kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kupelekwa sokoni. Simu zinazouzwa huko huwekewa lebo inayoonyesha betri inahimili mizunguko mingapi na simu ina daraja gani la urahisi wa kutengenezwa, kuanzia A hadi E. Kwa kuwa simu nyingi huuzwa katika masoko mengi kwa wakati mmoja, tafuta lebo hiyo kwenye intaneti hata kama unaishi mbali na Ulaya, ila linganisha jina kamili la toleo, maana majina ya simu hufanana.

Kanuni hiyo ya simu ina mlango ambao binafsi naona umeachwa wazi kupita kiasi. Mtengenezaji anaruhusiwa kuacha kazi ya kubadilisha betri kwa mafundi peke yao iwapo betri yake inabakiza asilimia 83 baada ya mizunguko 500 na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000, na simu haiingizi vumbi wala maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Betri ya namna hiyo ni nzuri, sikatai, lakini siku ya mwisho wake itafika tu, na itafika wakati mtengenezaji hana tena hamu na toleo hilo.

Kuhusu hoja ya maji na wembamba

Muuzaji atakuambia kwamba simu hufungwa ili isiingie maji. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mgongo unaotoka kwa ukucha na bado ilikuwa na kiwango cha IP67, yaani daraja la kuzuia vumbi na maji, na Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 ina betri inayotoka pamoja na IP68. Kinachofanya kazi hapo ni mpira wa kuziba unaozunguka kifuniko, na masharti yake ni kwamba mpira huo uwe safi na kifuniko kibonyezwe pande zote.

Gharama ya kweli iko kwenye nafasi. Betri inayokusudiwa kushikwa kwa mkono lazima iwe na gamba gumu, kwa kuwa betri laini ya mfuko, ambayo imejazwa katika simu nyembamba, hutobolewa au kupindwa kwa urahisi. Gamba hilo huchukua nafasi ambayo ingejazwa na betri yenyewe, na simu hunenepa kidogo au hubeba chaji pungufu kidogo. Anayetaka simu nyembamba kuliko zote ana haki ya kuichagua. Ninachopinga ni kwamba uchaguzi huo ulifanywa kwa niaba ya kila mtu, hadi wale walio tayari kubeba milimita moja ya ziada wakabaki na simu chache mno za kuchagua.

Upo pia upande wa usalama, ambao mara nyingi hutajwa kama sababu ya kuzifunga simu. Linganisha matukio mawili. Mwezi Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina ya BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita zingeweza kupata joto kupita kiasi. Wenye simu walitoa betri, wakasoma namba zake, na waliohusika waliweza kuletewa betri nyingine huku simu zao zikibaki mikononi. Mwaka 2016 Samsung ilikumbwa na betri zilizoshika moto katika Galaxy Note 7, ambayo betri yake haikuwa ya kutolewa na mtumiaji. Ikabidi irudishwe simu nzima, na baada ya simu za mbadala nazo kushika moto, toleo lote likaachwa. Sababu za kasoro zilikuwa tofauti, lakini tofauti ya ukubwa wa hasara inatokana kwa sehemu kubwa na kitu kimoja: kama betri inatoka au haitoki.

Kuchagua betri mpya

Fuata namba ya betri iliyochapishwa juu ya betri ya zamani, kwa kuwa simu zenye jina moja huweza kuwa na betri tofauti kulingana na soko. Kisha linganisha volti, hasa kiwango cha juu cha kuchajia: betri iliyobuniwa kuishia volti 4.35 haifai kuingizwa katika simu inayochaji hadi volti 4.45, hata kama umbo linalingana.

Betri feki hujisaliti kwa hesabu zake. Zidisha uwezo wa miliampea-saa (mAh) kwa volti za kawaida, ugawe kwa 1,000, na jibu linapaswa kulingana na wati-saa (Wh) zilizoandikwa kwenye lebo hiyohiyo: betri ya 4,000 mAh yenye volti 3.85 ni lazima iwe na 15.4 Wh. Lebo ikisema vinginevyo, aliyeichapisha hakuijali hesabu, na huenda hakuvijali pia vilivyomo ndani. Vilevile betri yenye ukubwa uleule wa ya awali haiwezi kubeba chaji mara moja na nusu zaidi, ahadi ionekane tamu kiasi gani. Angalia tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri huzeeka hata ikikaa rafuni bila kutumiwa, na ikatae betri iliyofufuliwa kutoka simu nyingine hata ikiitwa orijino.

Kubadilisha betri inayotoka

Kazi hii haihitaji maelezo mengi. Zima simu, fungua kifuniko, nyanyua betri, futa miguso ya shaba kwa kitambaa kikavu ikiwa imechafuka, weka mpya kwa kuanzia upande wa miguso, kisha bonyeza kifuniko kwa kuzunguka kingo zote. Unywele mmoja ulionasa chini ya mpira wa kuziba unatosha kuruhusu maji, kwa hiyo ukague kila unapofungua.

Kubadilisha betri iliyogandishwa

Hapa panahitaji subira. Ikiwa betri imevimba, mpe kazi hiyo fundi mwenye vifaa. Ikiwa haijavimba na mikono yako imetulia, hifadhi kwanza nakala ya data zako, kisha tumia simu hadi chaji ishuke chini ya asilimia 25, kwani betri yenye chaji ndogo ina nishati kidogo ya kuachilia endapo itaumia. Izime kabisa. Fanya kazi juu ya meza isiyoshika moto kwa urahisi, dirisha likiwa wazi, na ndoo ya mchanga au chombo cha chuma kiwe karibu.

Soma mwongozo wa toleo lako hadi mwisho kabla ya kugusa kitu, kwa kuwa baadhi ya simu hufunguliwa kwa nyuma na nyingine kwa mbele, na kibanzi cha kufungulia kikiingizwa mahali pasipostahili kinaweza kukata utepe wa nyaya wa kitambua alama za vidole. Pasha kingo joto la wastani kwa mfuko wa maji moto, wala si kwa moto wa wazi, kisha ingiza kibanzi chembamba cha plastiki na ukizungushe polepole. Panga skrubu kwa mfuatano ulivyozitoa, maana skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi huweza kutoboa bodi.

Kabla ya jambo lingine lolote, kata umeme: nyanyua kiunganishi cha betri kwa kifaa cha plastiki. Kama kuna vipande vya gundi vya kuvutwa, vivute taratibu vikiwa vimelala karibu na usawa wa simu, bila kuvikwaruza kwenye kingo. Vikikatika, dondosha matone machache ya alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi ukingoni mwa betri, subiri dakika chache, kisha isukume kwa kadi ya plastiki. Usitumie bisibisi wala kisu, na usiruhusu betri ipinde. Ikipinda, usiirudishe kazini hata kama inaonekana nzima. Nakiri kwamba baadhi ya watengenezaji wameanza kuirahisisha hatua hii: katika iPhone 16 ya mwaka 2024, gundi ya betri huachia inapopitishiwa umeme mdogo kutoka betri ya volti 9. Ni hatua ya kupongezwa, ingawa skrubu mbili zingefanya kazi hiyohiyo.

Unganisha betri mpya na uwashe simu kabla ya kubandika chochote. Jaribu chaji, kioo, kamera na spika. Kila kitu kikiwa sawa, zima, chomoa kiunganishi, weka gundi mpya iliyokatwa kwa ajili ya toleo lako, kisha funga. Tangu hapo ihesabu simu kama isiyozuia maji. Chaji hadi asilimia 100, uitumie hadi ikaribie kuisha, kisha chaji tena, ili kipimo cha asilimia kijue mipaka ya betri mpya. Betri yenyewe haipati nguvu yoyote kwa kufanya hivyo.

Ukiamua kumpa fundi, uliza atatumia betri yenye namba gani, omba uione kabla haijaingia, na dai urudishiwe ya zamani. Fundi mzuri hatakasirika.

Kuitunza mpya na kuachana na ya zamani

Adui wakubwa wa betri ni joto na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa. Usiichaji simu chini ya mto au ikiwa juani, na ikiwa ina kikomo cha kuchaji cha asilimia 80, kitumie siku ambazo hutahitaji chaji yote. Usichaji chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, kwani lithiamu hujikusanya juu ya elektrodi kama metali na kuiharibu. Betri ya akiba ihifadhiwe penye ubaridi ikiwa na nusu ya chaji, ndani ya kijaluba ambamo miguso yake haiwezi kukutana na funguo wala sarafu. Ukisafiri kwa ndege, ibebe mkononi, kamwe usiiweke kwenye mizigo ya chini.

Betri ya zamani, hata ikionekana imekufa, bado ina nishati ya kutosha kuwasha moto ikibondwa ndani ya lori la taka. Funika miguso yake kwa utepe wa plastiki na uipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki, au kwa fundi au muuzaji anayezipokea. Ndani yake mna kobalti, madini ambayo sehemu kubwa ya uzalishaji wake duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ambayo yanaweza kurejeshwa na kutumika upya. Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Ikitokea betri inaanza kutoa moshi, sogea mbali na moshi huo kwa sababu una sumu, kisha, ikiwa salama kufanya hivyo, mwagia maji mengi. Lengo ni kuipoza, na kwa betri ndogo ya simu maji hufaa. Iache nje kwa saa kadhaa hata baada ya moshi kukoma, kwa kuwa huweza kuwaka tena.